Mzizi Unaonyamazisha Jino

Jino la kwanza nililong'oa kwa mkono wangu lilikuwa la mpishi wa shule moja ya Korogwe, mwanamke mwenye mikono minene kuliko yangu, na lilikataa kutoka. Nilivuta kama mtu anayeng'oa kisiki shambani. Bwana Shemweta, aliyekuwa akinisimamia, aliniacha nihangaike mpaka jasho likaanza kunidondoka puani, kisha akasema kwa upole, "Binti, sisi hatuvuti. Tunalegeza." Akanishika kiwiko, akakisukuma kidogo ndani, kidogo nje, na jino likachomoka lenyewe. Yule mama akatema damu, akasema nina mkono mwepesi. Alikuwa mwongo mwenye roho nzuri.

Nimestaafu mwaka huu. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa tabibu wa meno, kwanza Korogwe, baadaye Handeni, na ninyi mnaobaki katika chumba cha meno cha Handeni mmekuwa mkinisimulia mimi mwenyewe habari zangu, kila mmoja na toleo lake. Mmoja wenu aliwaambia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwamba mimi, Mama Hawa, na daktari wa Kichina tulikuwa tuking'oa meno kwa mizizi. Hatukung'oa jino lolote kwa mizizi. Naandika ili ijulikane kilichotokea. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana hakuna mgonjwa aliyewahi kupona kwa sababu ya cheo changu.

Chumba cha meno cha Korogwe nilichokikuta hakikufanana na chenu. Kulikuwa na kiti cha chuma kilichopanda kwa kukanyagwa na kushuka kwa hiari yake, wakati mwingine mgonjwa akiwa juu. Kekee ya kutobolea meno iliendeshwa kwa mguu kama cherehani, na mguu ukichoka, kekee inapunguza mwendo na mgonjwa anajua kabla yako. Koleo tulizichemsha kwenye sufuria ya presha juu ya jiko la mafuta ya taa. Sufuria ilipopiga mluzi, wagonjwa walioko kwenye benchi nje walikuwa wanaanza kuondoka mmoja mmoja, wakisema jino limepoa.

Bwana Shemweta alikuwa Mshambaa wa Kwashemshi, mfupi, nadhifu, mwenye sauti ndogo, aliyekunywa chai bila sukari kwa sababu alizoziita za kikazi. Wiki yangu ya kwanza aliniuliza ganzi ni nini. Nikamjibu kama nilivyokariri chuoni, jinsi dawa inavyozuia mshipa wa fahamu usipeleke habari ya maumivu. Akasema hayo ameyasikia, lakini anataka kujua kama mimi nimewahi kuionja.

Nikamwambia ndiyo, kabla hata sijaanza shule. Kwetu ni kijiji cha Wazigua upande wa Handeni, na mtoto akilia jino, bibi alikuwa akichimba mzizi wa mjafari, ule mti wenye vinundu vya miiba kwenye shina. Anamenya ganda, anakupa utafune. Kwanza ulimi unawashwa kama umelamba siafu, mate yanajaa, halafu mdomo unakuwa mnene kama si wako na jino linanyamaza. Bwana Shemweta aliweka kikombe chini.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu unalala."

"Halafu?"

"Halafu linaanza tena."

"Basi hapo ndipo kazi yetu inapoanzia," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Hakuwahi kumcheka mgonjwa aliyekuja na mzizi shavuni. Wenzake wengine walikuwa wakiwafokea. Yeye aliomba mgonjwa autoe, akauangalia, akaunusa, akauliza umetoka wapi, kisha akasema asante, sasa fungua mdomo. Nilimwiga katika hilo kama nilivyomwiga namna ya kushika koleo, na baadaye nilipohamishiwa Handeni nilijikuta nina haja nalo zaidi, kwa sababu Handeni watu wanatoka mbali.

Wakulima wa Kizigua walikuja baada ya kupalilia, wafugaji wa Kimasai wa nyanda kavu walikuja baada ya kukosa njia nyingine yoyote. Hawa wa pili wengi walikuwa na pengo la mbele chini tangu utotoni, kwa desturi yao, kwa hiyo walikuwa wamezoea kung'olewa hata kabla hawajanijua. Mjafari wao wanauita oloisuki, na huutia hata kwenye supu ya nyama. Tulielewana haraka. Nilikuwa mtu wa hospitali aliyejua mti wao, na wao walikuwa wagonjwa wasiopiga kelele. Kasoro ni kwamba mtu asiyepiga kelele hujui amefikia wapi.

Kisha ilikuja barabara. Mnaoipita leo kwa lami kutoka Korogwe hamwezi kufikiria vumbi na tope lililoitangulia. Kampuni ya Kichina iliyokuwa inaijenga iliweka kambi nje kidogo ya mji, na kambi ilikuwa na daktari wake, mtu wa makamo aliyeitwa Wu. Alitibu mafundi wenzake na vibarua wetu, kwa vidonge vya kawaida na pia kwa dawa za miti za kwao.

Tulikutana kwa sababu jino lilimuuma yeye. Alikuja na kofia ya plastiki ya kazini, shavu moja limejaa, akasimama mlangoni akaniambia shikamoo, mama. Alinizidi umri. Nadhani kuna mtu aliyemweleza kwamba shikamoo hupewa yeyote aliyeshika kitu chenye ncha. Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwa vibarua wa kokoto, kwa hiyo alijua matusi mengi kuliko salamu, na hakujua kwamba ni matusi. Maneno yake hapa nayaandika kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa kuwa mawazo yake yalikuwa yamenyooka.

Nilimuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu, amekunywa nini, ametafuna nini. Wauguzi wawili waliokuwapo waliangaliana, wakidhani nimemkosea heshima daktari. Yeye alifurahi. Akatoa mfukoni kiazi kidogo kikavu, kigumu, ukubwa wa njugu mawe, na ndani rangi ya manjano kama binzari. Akasema kinaitwa yanhusuo, kwao wanakitumia tangu enzi za mababu kwa maumivu ya tumbo, ya mgongo, ya wanawake, na amekunywa maji yake kabla ya kuja.

"Kimesaidia?" nikamuuliza.

"Kimeondoa nusu," akasema. "Nusu nyingine ni yako."

Nilimpiga sindano ya ganzi, nikangoja, nikalegeza, nikatoa gego lililooza mpaka kwenye mizizi. Akaliangalia kwa muda, akalifunga kwenye karatasi, akaondoka akinishukuru kwa neno ambalo sitaliandika.

Baada ya hapo alikuja mara kwa mara, kwa kawaida mchana wagonjwa wakiisha. Mara ya kwanza aliniletea punje nyekundu za kiungo kutoka jikoni kwa mpishi wa kambi, akaniambia nitafune moja. Nilitafuna. Siafu wakatembea kwenye ulimi, mate yakajaa, mdomo ukawa mnene. Nilijikuta natazama ukuta nikimwona bibi yangu. Siku iliyofuata nilimwekea ganda la mjafari juu ya meza bila maelezo. Aliliweka mdomoni, macho yakamtoka, kisha akacheka mpaka akashika kiti. Akasema mti huu na ule wa punje zake ni ndugu wa ukoo mmoja, mmoja alibaki Uchina, mwingine akaja kuolewa Handeni.

Alikuwa mwalimu mzuri kwa sababu hakuficha asichokijua. Nilitaka kujua kwa nini kile kiazi chake cha manjano wanakichemsha na siki, maana alikuwa akisisitiza siki kama mpishi wa kachumbari. Akaja na unga wake na bilauri mbili. Moja aliloweka unga kwa maji matupu, nyingine kwa maji yenye siki, akachuja zote, akaniambia nionje kwa ncha ya ulimi na kutema. Ya kwanza ilikuwa chungu kidogo. Ya pili ilikuwa na uchungu ambao, hata chini ya ukali wa siki, ulinifuata mpaka nyumbani.

Akanieleza hivi. Viini vinavyotuliza maumivu ndani ya kile kiazi ni vya tabia ya magadi, na vikiwa hivyo maji hayavitoi vizuri. Vikikutana na siki vinageuka chumvi, na chumvi inayeyuka. Waliogundua hilo hawakuwa na maabara. Walionja tu, kizazi baada ya kizazi. Kiini cha mjafari na cha zile punje ni cha aina nyingine, hakijali siki, kinapenda mafuta, ndiyo maana mpishi wao anazikaanga.

Sikulala upesi siku ile, kwa raha ya kuelewa. Chuoni tulikariri kwamba ganzi haishiki penye usaha. Nilikuwa nimeliona hilo kwa macho yangu mara nyingi bila kujua sababu. Ganzi yetu nayo asili yake ni magadi, na kwenye kichupa imegeuzwa chumvi ili iyeyuke. Ikiingia kwenye nyama nzima, sehemu yake inarudi kuwa magadi, ndipo inapenya mshipa wa fahamu. Lakini nyama yenye usaha ina ukali kama wa siki. Ganzi inabaki chumvi, inazunguka nje ya mshipa kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Tangu siku ile niliacha kuongeza dawa mahali penye usaha kwa kutumaini itashika. Nilijifunza kwenda kuuzuia mshipa mbali na usaha, kwenye nyama safi. Nawaachia hilo kama urithi, lina faida kuliko kiti chochote cha meno.

Sasa nifike kwa Lembris, maana ndiye mnayemsimulia vibaya.

Lembris alikuwa Mmasai wa umri wa utu uzima, mlinzi wa mitambo kambini. Alikuwa na gego bovu la chini lililomsumbua kwa muda mrefu. Daktari Wu alikuwa amemwambia aje kwangu, zaidi ya mara moja, naye kila mara alijibu kwamba jino limenyamaza. Hakudanganya. Mama yake, aliyekaa boma la upande wa nyika, alikuwa akimletea mizizi ya oloisuki, naye alikuwa akitafuna akiwa zamu. Jino lilinyamaza kweli. Kilichokuwa kikiendelea chini ya jino hakikunyamaza, ila hakuna aliyekuwa akikisikia.

Asubuhi moja ya masika gari la kambi liliingia hospitalini likipiga honi. Wu alishuka kwanza. Lembris alikuwa kiti cha mbele ameinama, ameshika kitambaa chini ya kidevu, na mate yalikuwa yanachuruzika kwa sababu hakuweza kuyameza. Mama yake alikuwa kiti cha nyuma. Wote tulimwita Yeyo, ndivyo Wamasai wanavyomwita mama. Alikuwa amekuja kambini kumsalimia mwanawe na kumletea mizizi mingine, akamkuta hali ile.

Nilimgusa Lembris chini ya taya. Pande zote mbili palikuwa pagumu kama ubao. Ulimi ulikuwa umeinuliwa juu, umekaribia kuziba kinywa, na alipojaribu kuniambia kitu sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Alikuwa anapumua kwa hesabu. Nimeona meno mabaya mengi, lakini uvimbe ule nilikuwa nimeuona mara moja tu kabla ya siku hiyo, Korogwe, na yule mgonjwa wa Korogwe hatukuweza kumwokoa. Usaha wa jino ulikuwa umeshuka kwenye sakafu ya kinywa na kuenea shingoni. Njia ya hewa ilikuwa inajifunga.

Nilimtuma muuguzi kwa Daktari Mbelwa, aliyekuwa zamu. Alikuja akikimbia, akamtazama, hakupoteza muda. Shauri la kwanza lilikuwa kumpeleka Korogwe. Lakini barabara ilikuwa imechimbwa, mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na Wu, ambaye barabara ilikuwa ya watu wake, alitueleza kwamba asubuhi ile basi lilikuwa limezama kwenye tope na kufunga njia. Mbelwa akafikiri kidogo. Akasema kama koo litajifunga katikati ya tope, ndani ya gari hana la kumfanyia. Tutamfungulia usaha hapahapa.

Likaja suala la mahali. Kitanda cha upasuaji ni cha kulala, na Lembris akilazwa hata kidogo alikuwa anakosa pumzi. Mbelwa akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye kiti changu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya hospitali, kiti cha meno kilionekana kuwa fanicha muhimu kuliko zote. Tukamkalisha wima, kichwa kimeegemea, dawa ya kuua vijidudu ikipita kwenye mshipa wa mkono. Vifaa vya kutoboa koo vikawekwa juu ya trei, vimefunikwa, pale ambapo Lembris hangeviona.

Hapo ndipo Lembris alipoinua kidole akaonyesha begi la Wu.

Sote tulielewa. Wiki kadhaa nyuma mgongo ulimshika, Wu akampa yale maji machungu ya kiazi cha manjano, na maumivu yakapoa, akalala vizuri. Sasa oloisuki ilikuwa imeshindwa, maumivu yalikuwa yamevunja ukuta, na alikuwa anaomba kile alichokiamini. Yeyo naye akasogea, akamwambia Wu kwa Kiswahili chake kifupi, "Mpe dawa yako."

Wu alishalifungua begi. Nadhani mkono wake ulifanya hivyo wenyewe, kama wangu unavyofanya ukiona koleo. Alitoa chupa ya yale maji machungu, akaishika. Nilimwangalia, nikawa tayari kumkataza, na nikawa naogopa kwamba itabidi tubishane mbele ya mgonjwa. Haikubidi.

"Leo hapana," akamwambia Yeyo. "Dawa hii inatuliza maumivu, lakini pia inalegeza mwili na kuleta usingizi. Mwanao leo anapumua kwa nguvu zake mwenyewe. Nikimlegeza, nani atapumua?"

Akairudisha chupa, akafunga begi, akaliweka nje ya mlango. Nimefanya kazi na watu wengi waliopenda dawa zao. Wengi wao walijua zinafanya nini. Wachache sana walijua siku ya kuziacha kwenye begi.

Tukabaki na ganzi, na ganzi peke yake. Mbelwa aliniachia sindano kwa kuwa taya lilikuwa eneo langu. Pale palipokuwa pagumu na pekundu sikugusa. Nilishuka chini, kwenye ngozi iliyokuwa bado laini na baridi, nikaizungushia ganzi kidogokidogo kama mtu anayepanda mbegu ukingoni mwa shamba. Nilimweleza Lembris kwamba ngozi italala, lakini ndani zaidi atasikia, na kwamba sitamdanganya. Akafumba macho kukubali. Wu alikaa kando yake, akaushika mkono wake wa kulia na kumbonyeza kwa nguvu kati ya kidole gumba na cha shahada, kama wanavyofanya kwao. Sijui sehemu ile ina nini. Ninachojua ni kwamba huo ndio mkono wa Lembris wenye nguvu zaidi, na haukunipiga.

Mbelwa alikata. Kwanza hakikutoka kitu ila damu kidogo. Akaingiza mkasi butu uliofungwa, akausukuma kwenda juu taratibu, akaufungua ndani. Lembris alitoa mguno mmoja mrefu kifuani. Kisha harufu ikajaa chumba, maji ya kijivu yakashuka kwenye bakuli nililokuwa nimelishika, na nyuma yake usaha wenyewe. Akafanya upande wa pili vilevile. Tukaweka vipande vya mpira ili kuendelea kutoa uchafu.

Tulikuwa tunasikiliza pumzi. Ilikuwa bado nzito, lakini baada ya muda ikaacha ule mkwaruzo wa kuvutwa. Lembris akafungua macho, koo lake likapanda na kushuka. Alikuwa amemeza mate yake. Mbelwa akavua glavu, akatoka nje kusimama kwenye mvua.

Nilipotoka nilimkuta Yeyo kwenye benchi, amekaa wima. Ncha ya shuka yake ilikuwa na fundo, na nilijua kilichofungwa ndani. Nikamwambia mwanawe anapumua, na kwamba siku hizi chache bado ni za kuangaliwa. Alinisikiliza. Kisha akafungua lile fundo, akaweka vile vipande vya mizizi juu ya benchi kati yetu.

"Mti huu ndio umemponza," akasema. Hakuwa ananiuliza.

Nilikaa. Nilikuwa nimechoka, na ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Wauguzi waliokuwa wakipita wangekubaliana nami, na pengine wangemwongezea. Lakini isingekuwa kweli. Nilichukua kipande kimoja, nikakiuma mbele yake. Siafu wakaja kama walivyokuja nilipokuwa mtoto.

"Yeyo, mti umefanya kazi yake," nikamwambia. "Umenyamazisha. Kutoa jino si kazi ya mti, ni kazi yangu. Hatukupeana zamu, mimi na wewe, ndiyo shida."

Alinitazama nikitafuna. Sijui ni maneno au ni mdomo wangu ulioanza kuwa mzito nikashindwa kutamka vizuri, lakini alicheka kidogo, akafuta macho kwa shuka, akavikusanya vipande vyake akavifunga tena.

Lembris alikaa wodini mpaka shingo ikalainika. Wu alikuja kila siku na uji mwepesi wa mchele kutoka jikoni kwake, akikaa naye wakizungumza kwa kile Kiswahili cha kokoto, na wodi nzima ikijifunza. Taya lilipofunguka nilimrudisha kwenye kiti nikatoa lile gego. Ganzi ilishika mara moja, maana usaha ulikuwa umeondoka. Nilimkabidhi jino kwa kuwa aliliomba. Alilipokea, akalinusa, akampa mama yake. Yeyo alilipeleka mwangani, akaingiza ncha ya mwiba kwenye tundu, akaona jinsi lilivyo pango tupu. Aliuliza maswali mengi. Jino likianza kunuka maana yake nini. Uvimbe ukiwa laini na ukiwa mgumu, tofauti yake nini. Homa je. Nilimjibu yote kama ninavyomjibu mwanafunzi, na alikuwa msikivu kuliko baadhi yenu.

Barabara iliposonga mbele, kambi ikahama, na Wu akaja kuaga. Alitaka kuniachia chupa ya ule unga wa manjano. Niliukataa kwa heshima, nikamwambia sina mizani ya kumpimia mtu kitu ambacho mimi mwenyewe sijakisomea, na wajawazito wanapita hapa kila siku. Akasema jibu hilo limemfurahisha kuliko kama angeniona nimeupokea. Nilimpa ganda la mjafari lililokauka kwenye mfuko wa khaki, akaondoka nalo. Hatukuandikiana. Simu zilibadilika, namba zikapotea.

Mimi niliendelea na kazi, na hili ndilo ninalotaka mlibebe. Mgonjwa akikaa, kabla hamjawasha taa, muulizeni ametafuna nini na tangu lini. Ulizeni bila kucheka, la sivyo atawaambia hajatafuna kitu. Akisema maumivu yameisha, msifurahi upesi. Guseni chini ya taya. Mwambieni ameze mate. Dawa yoyote ya maumivu, ya kwenye kichupa au ya porini au ya Uchina, inazima sauti tu, na aliyezima sauti ana wajibu wa kwenda kuangalia nani alikuwa anapiga kelele.

Baada ya miezi kadhaa nilianza kuona kitu. Wafugaji walikuja mapema zaidi. Zamani walikuja uso umepinda. Sasa walikuja jino likiwa limeanza tu kunuka, wengine kwa pikipiki kutoka mbali, shavu limefura kwa mzizi na ulimi umekufa ganzi hata salamu wanashindwa. Nilimuuliza mama mmoja kwa nini amekuja wakati jino halimuumi. Akanieleza kwa shida kwamba ametoka kwa Yeyo wa Lembris. Yeyo hatoi tena oloisuki kwa mtu wa jino bila masharti. Anakupa kipande cha kukufikisha hospitali, anakwambia utafune njiani, na ukifika mlangoni kwa yule mama wa meno, uteme. Hakupi cha kurudi nacho.

Sikuwahi kumwomba afanye hivyo. Wala hakuwahi kuja kuniambia kwamba anafanya. Miaka yote iliyofuata alinitumia watu, na sikumbuki aliyefika akiwa na shingo ngumu kama ya mwanawe.

Wiki yangu ya mwisho kazini alikuja kijana wa kiume, mrefu, amefunga shuka, shavu limefura kwa mzizi. Nilimuuliza kama ametumwa na Yeyo wa Lembris. Akaniambia Yeyo alishafariki, walimzika kiangazi kilichopita. Sikuwa na habari. Nilisimama na glavu moja mkononi, sijui niivae au niivue. Nikamuuliza basi huo mzizi amepewa na nani. Akasema na mke wa Lembris, ndiye anayechimba sasa, na masharti ni yaleyale.

Kisha akainama, akautema mzizi kwenye bakuli, akakaa kitini, akafungua mdomo.